NANI AMGEUZAYE NANI? Visa vya kugeuka vya Ovidius katika madarasa ya bonde la Kilombero

Kila mwaka, katika vipindi vya fasihi ya watoto, huzuka swali lile lile kutoka kwa wanachuo: mwalimu atakayepangiwa shule ya msingi kando ya mto Kilombero atanufaika nini na mashairi ya Kilatini yaliyotungwa miaka elfu mbili iliyopita? Swali ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kukemea. Makala haya hayakusudii kudai kwamba Kilatini kirudishwe mashuleni. Kilatini kilikwisha pata zamu yake hapa: wazee wengi Wakatoliki wa Ifakara na Mahenge walikariri sala na nyimbo za Misa katika lugha hiyo bila ya kufahamu maana ya kila neno, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulipofungua njia ya Misa kusomwa kwa Kiswahili. Kusudi letu ni jingine. Ni kuonyesha kwamba visa vya watu kugeuka wanyama, ambavyo mtoto huja navyo shuleni kutoka nyumbani kwao, ni visa vinavyohusu madaraka. Na kwamba mwalimu asiyeliona jambo hilo huvifundisha nusu tu, na pengine huvifundisha kwa madhara.

Bonde lenyewe hutoa mfano wa kuanzia. Wakati wa masika mto hufurika, na uwanda ambao wakati wa kiangazi sheshe hula nyasi na watu hupita kwa miguu, hugeuka ziwa la kuvukwa kwa mtumbwi. Maji hayo hayo huteremka, yakaitwa Ulanga, yakakutana na Luwegu, yakawa Rufiji. Mtoto wa Kindamba hahitaji kufundishwa kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na maumbo mawili. Anachohitaji ni kuongozwa aulize: nani aliyeleta badiliko hilo, na je, kuna kilichobaki vile vile?

MSHAIRI NA UTENZI WAKE

Publius Ovidius Naso alizaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo katika mji wa Sulmo, Italia. Utenzi wake mkubwa, Metamorphoses, yaani Migeuko, una vitabu 15 na mistari karibu 12,000. Unaanza na kuumbwa kwa ulimwengu na unafika hadi Julius Caesar anapogeuka nyota. Mwanachuo aliyezoea tenzi zetu asitafute humo beti za mishororo minne wala vina. Utenzi wa Kilatini hupimwa kwa mpangilio wa silabi ndefu na fupi katika mapigo sita ya mstari. Vergilius, aliyemtangulia, alitunga Aeneis kufuata safari na vita vya shujaa mmoja, Aeneas. Ovidius hakufuata shujaa yeyote. Anatoka kisa hadi kisa, na kitu pekee kinachoviunganisha ni kugeuka.

Mwanadamu wa kwanza kugeuzwa katika utenzi huo ni mfalme, Lycaon wa Arcadia, aliyemwandalia mungu Jupiter nyama ya mtu ili amjaribu. Aligeuka mbwa mwitu. Lakini mvi zake zilibaki, ukali wa uso ulibaki, na macho yalimeremeta vile vile kama zamani. Na tuangalie ni nani anayesimulia. Ni Jupiter mwenyewe, barazani, mbele ya miungu wenzake. Naye mshairi anathubutu kulifananisha baraza hilo na Palatium, kilima cha Roma alikoishi Kaizari Augustus. Wasomaji wa siku zile walielewa. Mwenye nguvu ndiye aliyegeuza na ndiye anayetoa taarifa. Lycaon hapewi nafasi ya kueleza upande wake, kwa kuwa hana tena ulimi wa kusemea.

Hapo ndipo yanapotoka maswali mawili ambayo tungependa mwalimu ayashike katika kila kisa cha namna hii, kiwe cha Roma au cha Mlimba: nani alikuwa na uwezo wa kumgeuza mwenzake? Na ndani ya umbo jipya, nini kilibaki cha yule wa kwanza? Maswali ya kawaida ya vitabu vya kiada, kama vile "taja wanyama waliotajwa katika hadithi", yasiachwe kabisa, lakini hayo ni mlango tu.

MTAMBA ALIYEANDIKA

Katika kitabu cha kwanza yumo binti aitwaye Io, mtoto wa mungu wa mto Inachus. Mwalimu ajue, hata kama hatawaeleza watoto wadogo kwa maneno hayo, kwamba Jupiter alimnajisi binti huyo kwa nguvu, kisha akamgeuza mtamba mweupe ili mkewe Juno asigundue. Visa vingi vya Ovidius vina jambo hili, nasi hatuna sababu ya kulipamba. Io hakukosa lolote. Aligeuzwa ili kosa la mkubwa lifichike.

Juno alishuku, akaomba apewe mtamba yule kuwa zawadi, akamkabidhi kwa mlinzi Argus mwenye macho mia moja. Io alitaka kunyosha mikono aombe huruma, akakuta hana mikono. Alitaka kulalamika, ukatoka mlio wa ng'ombe, akaogopa sauti yake mwenyewe. Alipofika kwenye ukingo wa mto wa baba yake aliona pembe zake majini, akashtuka. Aliwafuata dada zake na baba yake; wakampapasa, wasimjue. Baba alimng'olea majani akampa, naye akamlamba mkono. Ndipo kwa kwato lake akachora mavumbini alama zilizochukua mahali pa maneno, na baba akatambua.

Mshairi hasemi ni herufi zipi. Lakini jina la binti huyu lina herufi mbili tu: mstari wa wima na duara. Ni maumbo yale yale ambayo mtoto wa darasa la kwanza huanza nayo mchangani kabla ya kupewa kalamu. Sidhani kama katika utenzi wowote wa kale kuna tukio linalomhusu mwalimu wa kusoma na kuandika kuliko hili.

Namna ya kulifundisha ni rahisi, wala haihitaji zana za fedha. Baada ya kusimulia, mwalimu awatoe watoto nje hadi penye mchanga au vumbi laini, wakae wawili wawili. Mmoja anakatazwa kusema na kutumia mikono. Ana kisigino tu. Amjulishe mwenzake yeye ni nani na amepatwa na nini. Watoto watacheka sana mwanzoni, na wacheke. Baadaye mwalimu awaulize: je, jina tu lilitosha? Nimepata kuwasikia watoto wa darasa la nne wakibishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kundi moja lilisema jina lilitosha, maana baba alimtambua. Jingine likauliza, amtambue ili iweje, ikiwa hana uwezo wa kumrudisha? Na ni kweli: Inachus alimkumbatia mwanawe shingoni akalia, lakini kumgeuza hakuweza. Mto ni mungu mdogo. Mwalimu asiwakatishe watoto wanapofika hapo, kwa sababu wamekwisha kutofautisha kujua na kuweza, jambo ambalo watu wazima hulichanganya.

Io alirudishwa umbo lake huko mbali, kwenye mto Nile, baada ya Argus kuuawa na Juno kutulizwa. Hata hapo, asema mshairi, aliogopa kusema asije akalia kama ng'ombe, akajaribu maneno kidogo kidogo kwa hofu. Mwalimu aliyewahi kuwa na mtoto aliyenyamazishwa kwa muda mrefu atalielewa jambo hili bila ya kuelezwa.

VYURA WA LYCIA

Kisa cha pili, kilichomo katika kitabu cha sita, chafaa zaidi darasa la tano na la sita, na chafaa zaidi wakati wa masika, vyura wenyewe wakisikika dirishani. Latona alikuwa akimkimbia Juno, amebeba mapacha wachanga. Jua lilikuwa kali, maziwa yamekwisha, koo limekauka. Akaona bondeni ziwa dogo ambako wanakijiji walikuwa wakikata fito na matete. Akapiga magoti anywe. Wakamkataza. Aliwaambia kwamba maji ni ya watu wote, kwamba maumbile hayakulifanya jua, wala hewa, wala maji kuwa mali ya mtu mmoja. Na pamoja na haki hiyo akawasihi kama mwombaji. Hakutaka kuoga, alitaka kunywa tu. Watoto nao walikuwa wakinyosha mikono. Watu wale wakaongeza vitisho na matusi, kisha wakaingia majini kwa miguu na mikono, wakarukaruka kwa makusudi mpaka tope likapanda. Latona akaacha kuomba. Akainua mikono mbinguni akatamka kwamba waishi ziwani humo milele.

Sauti zao zikawa za kukwaruza, makoo yakavimba, midomo ikapanuka kwa matusi yale yale, shingo zikatoweka, mgongo ukawa wa kijani na tumbo jeupe. Hata wakiwa chini ya maji wanaendelea kugombana. Katika Kilatini mshairi anarudia maneno mawili yenye mlio wa chura, hata msikilizaji asiyejua lugha husikia ziwa. Mwalimu aweza kuwataka watoto watafute maneno ya Kiswahili, Kindamba au Kipogoro yanayofanana na mlio huo. Ni zoezi zuri la tanakali za sauti.

Nieleze kosa nililoliona katika somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo haina haja ya kutajwa. Mwanachuo alisimulia vizuri mno. Alipomaliza aliuliza kama adhabu ilistahili, na darasa zima likajibu kwa pamoja, "Ndiyooo!" Kisha msichana mmoja wa mstari wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na watoto wao waliokuwa nyumbani?" Mwanachuo akajibu, "Hilo halimo katika hadithi. Kaa chini." Alikuwa na haraka ya kufika kwenye mazoezi ya ubaoni, kwa kuwa andalio lake la somo lilisema hivyo. Swali bora la kipindi kizima likafa pale. Nilipozungumza naye baadaye alisema kwa unyofu kwamba aliogopa kwa sababu hakuwa na jibu. Hakuhitaji kuwa na jibu. Ilitosha kulirudisha swali kwa darasa.

Kuna swali jingine ambalo ni lazima mwalimu aliandae mwenyewe iwapo watoto hawatalifikia. Kama Latona angekuwa mama wa kawaida tu, asiye na uwezo wa kugeuza mtu, ingekuwaje? Angeondoka na kiu yake, na wale wangeendelea kukata matete. Mwalimu akiishia kufundisha kwamba tuwapokee wageni kwa kuwa pengine mgeni ni mkubwa aliyejificha, amefundisha woga. Maneno ya Latona juu ya maji yalikuwa ya haki kabla hajaonyesha nguvu zake, na yangekuwa ya haki hata kama hangekuwa nazo.

Katika bonde hili jambo hilo si la kale. Wakulima wa mpunga na wafugaji waliohamia na mifugo yao wamegombania ardhi na maji kwa miaka mingi, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Watoto wa pande zote mbili huketi dawati moja. Kwa hiyo mwalimu asimpe mtoto wa mfugaji nafasi ya Latona na wa mkulima nafasi ya chura, wala kinyume chake, hata kama igizo litanoga. Awaache wagawane kwa kura, kisha wabadilishane.

Kisa cha Arachne, mfumaji aliyegeuzwa buibui, nitakigusa tu. Alifuma maovu ya miungu; Minerva hakuona dosari katika kazi yake, akaichana. Penye wasukaji wa mikeka, mwalimu hatakosa pa kuanzia.

PALE WANYONGE WALIPODAI UWEZO

Ovidius karibu daima humpa uwezo wa kugeuza yule ambaye tayari ana nguvu. Historia yetu ina mfano wa kinyume, nao ulifika katika bonde hili. Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Wamatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na utawala wa Kijerumani. Nyuma yao kulikuwa na maneno ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa ya maji ambayo ilisemwa kuwa itazifanya risasi za Wajerumani zigeuke maji. Hapa wasio na bunduki ndio waliodai uwezo wa kugeuza, na hawakutaka kumfanya mtu kuwa mnyama. Walitaka kuigeuza silaha. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti, lakini habari zilikuwa zimekwisha kusafiri. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge. Wakapokewa na bombomu, na wengi wakaanguka.

Somo hili hufundishwa vibaya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwacheka waliokufa. Ya pili ni kulipita jambo la maji haraka haraka, kana kwamba ni aibu, na kukimbilia tarehe. Mwalimu atumie maswali yetu yale mawili. Nani alidai uwezo? Nini kiligeuka na nini hakikugeuka? Risasi hazikugeuka. Lakini watu wa makabila mbalimbali, ambao baadhi yao walikuwa wamepigana wao kwa wao, walitoka chini ya neno moja. Wala si wote: Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde hili, alikaa upande wa Wajerumani. Hivyo darasani mwaweza kuwa na vitukuu vya pande zote mbili, na mwalimu achunge ulimi. Vita viliisha mwaka 1907. Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikafuata, na makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Ushairi wetu haukunyamaza. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, na Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo mhusika mkuu, akiwa mfungwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Wanachuo wausome utenzi na tamthilia kabla ya kuingia darasani. Watoto wa darasa la sita na la saba waweza kusomewa sehemu zilizochaguliwa.

TAHADHARI MBILI

Mwalimu akiwaomba watoto wasimulie visa vya kwao, atasikia habari za mamba wa kutumwa na watu wanaojigeuza simba. Apokee visa, lakini asiruhusu hata mara moja mtoto amtaje jirani kwa jina. Mtoto husema, "Bibi fulani ndiye," naye Bibi fulani yu hai, anaishi peke yake, na maneno ya darasani hufika kilabuni jioni ile ile. Wazee wameuawa nchini kwa maneno kama hayo. Isitoshe, Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 hufanya kumtuhumu mtu hadharani kuwa kosa. Njia iliyo salama ni kutoa sharti mwanzoni kwamba kila kisa kianze "Hapo zamani za kale" na kitokee katika nchi isiyo na jina.

Ya pili inamhusu mwalimu mwenyewe. Darasani yeye ndiye Jupiter, apende asipende. Akisema "Ng'ombe wee!" au "Punda huyu!", darasa zima hucheka, na wakati wa mapumziko jina hilo hudumu. Nimemwona kijana aliyeitwa Chura tangu darasa la pili mpaka la saba kwa sababu ya neno moja la mwalimu aliyekwisha kuhama miaka mitano kabla. Mwalimu huyo hakujua. Hatuna haja ya kukisia kilichobaki ndani ya kijana yule. Tulikuwa naye, lakini hakuna aliyemwuliza.

Wanachuo huniuliza pia mshairi mwenyewe aliishia wapi. Mwaka wa 8 baada ya Kristo Augustus alimfukuza Roma akampeleka Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, mahali ambapo sasa ni mji wa Constanța, Romania. Ovidius aliandika kwamba sababu zilikuwa mbili, shairi na kosa, na kosa hilo hakulieleza. Alisema kwamba kabla ya kuondoka aliitupa Migeuko motoni kwa mkono wake, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kuenea. Aliomba miaka mingi arudishwe, hakurudishwa, akafia huko huko. Kati ya watu ambao hawakujua Kilatini, alilalamika kwamba maneno ya lugha yake yanamponyoka, akaanza kujifunza ya kwao. Katika barua mojawapo ya mwisho aeleza, kwa aibu kidogo, kwamba ametunga shairi kwa lugha ya Wageta na kuwasomea, nao wakatikisa vichwa na kunung'unika kwa kuridhika. Shairi hilo halikusalia.